Kuambata

Chuoni nilipewa neno lenye pacha,
herufi moja tu ikiyatenganisha,
na mwalimu akatuonya: atakayeyachanganya
namkata alama mbili.
Kwa Kiswahili sikuwa na pacha. Nilikuwa na kufyonza,
basi nikalibeba kufyonza langu
hadi Maji ya Chai,
mahali ambapo jina la kijiji
limehamia kwenye meno ya watu.

Nikaliandika kwa kalamu nene kwenye manila,
nikalibandika ukutani mwa zahanati:
MKAA WA MIFUPA HUFYONZA FLORIDI.
Chini yake ndoo mbili, bomba, na chujio
lililojaa mifupa ya ng'ombe kutoka buchani kwa Akyoo,
iliyochomwa kwenye tanuri hadi ikawa nyeusi,
ikasagwa, ikaoshwa, ikaacha kunuka.
Maji ya kisima chao: miligramu nane nukta mbili kwa lita.
Nikasema nane nukta mbili kwa sauti ya daktari.
Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wameyanywa tangu kuzaliwa.

Mama Ndeanasia alikuwa amekaa karibu na mlango,
anamenya njegere kwenye sinia, hakuniangalia.
"Kama hufyonza," akasema, "basi hukamuliwa.
Dodoki nalo hufyonza. Nikiukamua mfupa wako
sumu itarudi kwenye ndoo?"

Nikasema hapana.
"Basi haufyonzi."

Nilisimama na kalamu yangu.
Alama mbili zangu zilikatwa pale, mbele ya watu ishirini,
na mtu asiyejua kwamba kuna mtihani.

Nikaanza upya. Nikasema: haiingii ndani.
Inafika kwenye ngozi ya mfupa, inabaki pale pale, juu.
Ila mfupa uliochomwa una vishimo, na vishimo vina vishimo,
kijiko kimoja cha chai ukikikunjua chote
utatandika ua huu mpaka kwenye senyenge.
"Kama masizi kwenye sufuria," akasema mmoja.
Kama deni, akasema mwingine, wakacheka.
Kama kupe! — hapana, kupe hufyonza, tumeshatoka huko.
"Kama moshi kwenye kanga," akasema Mama Ndeanasia.
"Unafua, unaanika, ukijifunika usiku bado upo.
Umeambata."

Nikafuta. Manila ikachanika kidogo pale kwenye F.
HUAMBATA.

Sikuwaambia yote. Sikuwaambia kwa nini mfupa,
na si mchanga, na si mkaa wa mkaratusi.
Ni kwamba floridi hupenda mfupa. Ikipita mwilini hutafuta
goti, uti wa mgongo, jino lisilotokeza bado;
nasi tunamtanguliza ng'ombe njiani,
tunamwambia iambate huku,
huku kuna mfupa ambao haukui tena.

Baada ya miezi kadhaa utajaa.
Kila mahali pa kukaa pamekaliwa,
na maji yatapita meupe, matamu, yaleyale ya zamani,
wala jicho halitajua. Hilo nililisema mara tatu.
Mtaniita nipime. Msingoje yabadilike ladha.

Wakaondoka na ndoo zao. Akabaki Kundaeli,
kidato cha pili, yule ambaye kwenye picha zote za shule
amefumba mdomo kama aliyeweka sarafu ndani.
Alisoma manila polepole.
Alisoma na lile neno lililofutwa, kwa sababu lilionekana bado.
Kisha akauliza, kiganja mdomoni,
"Kama kuna kuambata, mwalimu,
si kuna na kuambua?"

Ndizi huambuliwa ganda. Ukuta huambuliwa rangi.
Kiswahili kilikuwa tayari, kinangoja nikitumie.

Nikafungua daftari la vipimo,
nikaandika tarehe, jina la kisima, namba ya chujio.
"Mdogo wako ana umri gani?" nikamuuliza.
"Miezi minne."
"Yeye anywe ya chujio," nikasema.
"Na yakupikiwa uji pia.
Kila siku. Usisahau."

Akaitikia kwa kichwa,
mkono ukiwa palepale.